Jina Lililoandikwa Ubavuni

Wapendwa, kaeni vizuri. Akina mama mlio karibu na mlango, urudisheni kidogo, mvua inaingia. Leo nataka kuwapeleka kwenye chumba chenye kompyuta. Najua wengine mmeshaanza kusema moyoni, "Leo mchungaji anatuacha njiani." Siwaachi. Nifuateni tu, polepole.

Kulikuwa na fundi mmoja wa kompyuta, mwanamke, tumwite Subilaga. Alikuwa na kibanda chake karibu na stendi, kwenye mji wa milimani, kule kwenye mashamba ya chai ambako nguo hukaa kambani siku tatu bila kukauka. Huyu dada alizaliwa na ugonjwa wa kuuliza. Akiwa na miaka tisa aliifungua redio ya baba yake. Haikuwa imeharibika, alitaka tu kuona msemaji amekaa wapi. Akachapwa. Na huku anachapwa, machozi yanamtoka, bado anauliza, "Sasa baba, sauti inaingilia wapi?" Mnamwona ni mtu wa namna gani?

Siku moja ya Jumatatu akaitwa kwenye shule ya msingi iliyo juu ya mlima. Shule hiyo ina kitengo cha watoto wasioona. Watoto hawa husoma kwa vidole, maandishi ya vinundu vidogo juu ya karatasi ngumu, yale yanayoitwa nukta nundu. Sasa, mtihani ukifika, mwenye macho anapewa karatasi yake anainama anasoma. Asiyeona, karatasi zenye nundu zikikosekana, hukaa na mtu wa kumsomea. Kwenye Historia inawezekana. Lakini kwenye Hisabati? Hebu wewe usomewe swali lenye mabano na sehemu na desimali, ulishike kichwani, ulikokotoe humo humo, na msomaji mwenyewe keshachoka, anatazama saa. Ungepata ngapi?

Shule ilikuwa na dawa ya jambo hilo. Miaka miwili nyuma wafadhili waliwaletea mashine ya kuchapa nukta nundu, kubwa kama jiko la mkaa la hotelini, nzito, inanguruma. Fundi wa kwanza aliiunganisha na kompyuta, kompyuta ikaandika "Tayari," akaondoka. Walipoiagiza ichape, ikatoboa karatasi ovyo, nukta zimemwagika kama mchele. Wakasema imekufa. Wakaifunika kitenge, wakaisukumia stoo, na juu ya kitenge wakaweka mipira ya michezo.

"Fundi," mwalimu mkuu akamwambia Subilaga, "Alhamisi darasa la saba wana mtihani wa majaribio wa Hisabati. Wasioona wako sita. Ofisi imesema ikishindikana mara hii, mashine iondolewe kwenye orodha ya mali, itupwe. Wewe ndiye tumaini la mwisho."

Subilaga akatoa mipira, akavuta kitenge, akachukua kitambaa akaifuta vumbi mbele, nyuma na ubavuni. Akachomeka waya. Na hapo, ndugu zangu, nataka tusimame kidogo, maana hapa pana jambo la ajabu ambalo mimi sikulijua mpaka nilipoelezwa.

Unapochomeka kifaa kwenye kompyuta, iwe printa, kamera au mashine kama ile, kompyuta haitazami rangi yake. Haisomi kilichoandikwa kwenye boksi. Kitu cha kwanza inachofanya ni kuuliza: "Wewe ni nani?" Na kifaa kinajibu. Kinajibu kwa nambari mbili: moja ya ukoo, yaani aliyekitengeneza, na moja ya kwake chenyewe. Kompyuta ikishapata jibu inafungua orodha yake ndefu, inatafuta draiva. Msicheke, si dereva wa lori. Draiva ni programu ndogo inayojua lugha ya kifaa hicho kimoja: namna ya kukiamuru, namna ya kukisikiliza. Ikiipata inayolingana na nambari zile, inaiita, kazi inaanza. Ikiikosa, inatafuta ya jumla, ya kusema, "Hii nayo ni printa tu, itatosha." Na ikikosa hata hiyo, inaweka alama ya kuuliza ya njano, inaandika: kifaa hiki sikijui.

Basi Subilaga akafungua orodha ya vifaa, akaona kosa la yule wa kwanza. Alikuwa ameilazimisha mashine ya nukta nundu itumie draiva ya printa ya kawaida ya wino. Kompyuta inadhani inamwaga wino, mashine inapokea amri za wino, inatoboa. Ndiyo maana ule uchafu.

"Haikufa," akasema, macho yanamng'aa. "Mashine hii haijawahi kuumwa hata siku moja. Imepewa mkalimani asiyejua lugha yake."

Mlangoni alikuwa amesimama mwalimu wa kitengo, Mwalimu Ambakisye. Mzee, kofia ya sufu, fimbo nyeupe, na kwapani ameshika bunda la karatasi. Naye haoni tangu utotoni. Aliposikia maneno yale akatabasamu, akasogea hatua moja.

"Fundi, hata mimi nilisema hivyo. Hizi karatasi walizoziita uchafu nilizitunza. Nimezipitia kwa vidole miaka miwili. Neno lile lile likiandikwa mara mbili, uchafu ule ule unatoka mara mbili. Mtu aliyekufa hasemi neno moja mara mbili. Na tena, kuhusu jina lake..."

"Shikamoo mwalimu," Subilaga akasema, bila kugeuka, vidole viko kwenye kibodi. "Naja kukusikiliza. Nipe dakika."

"Marahaba, mwanangu. Hapana haraka."

Dakika ile ilikwenda mpaka jioni, kengele ikalia, watu wakatawanyika.

Jumanne akarudi. Akaondoa ile draiva ya uongo. Akaiacha kompyuta iulize upya, na mashine ikajibu nambari zake mbili. Akaziandika kwenye kiganja kwa kalamu, akaingia mtandaoni kwa simu yake kutafuta mwenye nambari zile. Akatafuta asubuhi nzima, mtandao wenyewe ule wa milimani, unakuja na kupotea kama mgonjwa wa homa. Hatimaye akapata. Lakini akapata watatu! Mashine tatu, ndugu wa tumbo moja, zote zinajibu nambari zile zile, kwa sababu ndani zimewekewa kipande kile kile cha kuunganishia waya. Kila moja na draiva yake.

"Wako watatu," akamwambia mwalimu mkuu. "Sura moja, nambari moja. Sijui yetu ni yupi. Kwenye boksi pameandikwa jina la kampuni tu."

Kutoka mlangoni sauti ikasema, "Fundi, jina lake mimi..."

"Mwalimu Ambakisye," akasema mwalimu mkuu kwa upole, "mwache fundi afikiri."

Na Subilaga naye akaongeza, tena kwa heshima kabisa, "Usiwe na wasiwasi, mwalimu. Haya ya mitambo niachie mimi. Wewe watayarishe watoto."

Mmesikia ubaya wowote hapo? Hakuna tusi. Hakuna dharau ya wazi. Sauti nzuri, maneno laini. Mwalimu Ambakisye akasimama kidogo, akarekebisha bunda lake kwapani, akaenda darasani. Fimbo yake ilisikika ikigonga saruji ya ukumbi, ko, ko, ko, mpaka ikapotea.

Subilaga akachagua draiva ya mashine iliyokuwa mpya kuliko zote tatu. Akaandika sentensi ya kujaribia: Shule yetu iko mlimani na mvua inanyesha kila siku. Mashine ikanguruma, ikatoa karatasi, safi, mistari imenyooka kama matuta ya chai. Akaitwa binti mmoja wa darasa la saba. Akaweka vidole.

"Shule... yetu... iko mlimani..." Binti akasimama, akacheka. "Na mvua inanyesha kila siku! Ni kweli, mwalimu, inanyesha!"

Jamani! Mwalimu mkuu alimkumbatia fundi. Mpishi alitoka jikoni na mwiko mkononi, akapiga vigelegele bila hata kujua ni vya nini. Jumatano wakachapa karatasi za mtihani, nakala sita, mwalimu mkuu akazifunga mwenyewe kwenye bahasha na kuzitia lakiri, maana mtihani ni siri, hata mwalimu wa kitengo haruhusiwi kuugusa kabla ya saa yake. Akamwambia Subilaga, "Kesho uje. Nataka uone kazi ya mikono yako."

Alhamisi, saa mbili asubuhi. Watoto sita kwenye madawati yao, mikono juu ya meza, vidole vimetulia. Bahasha ikafunguliwa. Subilaga alikuwa amesimama nyuma ya darasa, amevaa gauni la kanisani. Wakaanza. Vidole vinatembea. Alikuwa hajawahi kuona watoto hawa wakisoma peke yao.

Kisha yule binti akanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Swali la kwanza sijalielewa."

"Soma kama lilivyo," akasema mwalimu mkuu aliyekuwa akisimamia.

"Linasema: Mkulima alikuwa na ng'ombe koma nukta. Akauza nukta pacha. Je, amebakiwa na ng'ombe wangapi?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Hata langu! Langu nalo lina ng'ombe koma!" Wakacheka tena, kisha kicheko kikapungua, kikaisha, kwa sababu swali la pili lilikuwa hivyo hivyo, na la tatu, na la mwisho. Binti akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa niandike nini?"

Nyuma ya darasa, Subilaga akaelewa kosa lake. Sentensi yake ya kujaribia ilikuwa ya maneno matupu. Hakuwa ameweka nambari hata moja.

Mwalimu mkuu akamwita Mwalimu Ambakisye. Akaja. Hakuuliza kumetokea nini. Alipokea karatasi, akapitisha kidole cha shahada mstari wa kwanza, mara moja, akarudi, mara ya pili.

"Herufi zimekaa vizuri," akasema. "Nambari ndizo zimeshuka ngazi moja. Nukta iliyotakiwa kuwa juu iko katikati, iliyotakiwa kuwa katikati iko chini. Kwa hiyo moja imesomeka koma, nne imesomeka nukta, tatu imesomeka nukta pacha. Kuna nchi wanaandika hesabu hivi kwenye kompyuta zao. Sisi hatuandiki hivi." Akaikunja karatasi taratibu. "Fundi, hii si draiva yake. Hii ni ya ndugu yake."

"Mwalimu, umejuaje?"

Mwalimu Ambakisye akamwomba mkono. Wakatoka, wakashika ukumbi, wakaingia chumba cha mashine, yeye mbele, mwenye macho nyuma. Akakiweka kiganja cha Subilaga ubavuni mwa mashine, chini, karibu na kiguu cha nyuma.

"Papasa."

Chini ya vidole vyake kulikuwa na mstari mfupi wa vinundu, vidogo kama punje za ulezi. Siku ya Jumatatu alipita hapo hapo na kitambaa cha vumbi akadhani ni marembo ya bati.

"Ni nini hiki?"

"Jina lake," akasema Mwalimu Ambakisye. "Jina kamili, na nambari ya toleo. Limeandikwa kwa maandishi yetu, kwa sababu walioitengeneza walijua mashine hii itakaa na watu gani. Mimi nililisoma siku ya kwanza iliposhushwa kwenye gari."

Wapendwa, yule mwanamke alikaa chini, pale pale, juu ya kiroba cha karatasi.

"Siku ya kwanza," akasema. "Miaka miwili. Sasa mwalimu, mbona hukuniambia?"

Hakukasirika yule mzee. Ingekuwa nafuu angekasirika. Alisema tu, "Mwanangu, nilikuambia mara mbili."

Na Subilaga akakumbuka. Sauti ya mlangoni. Bunda la karatasi. Naja kukusikiliza, nipe dakika. Aliikumbuka mashine, jinsi alivyopiga magoti mbele yake, jinsi alivyosubiri ijibu, jinsi alivyoandika jibu lake mkononi kwa wino asije akalisahau. Alikiuliza chuma, "Wewe ni nani?" kwa subira ya siku nzima. Na mtu aliyesimama hatua nne kutoka kwake, mwenye pumzi, mwenye jibu, hakumuuliza. Alikuwa ameshamtafutia draiva tangu alipoona fimbo nyeupe: asiyeona, mzee, wa kusubiri.

Akafungua mdomo aombe msamaha. Mwalimu Ambakisye akamkatiza.

"Hilo tutalizungumza. Watoto wana karatasi zenye ng'ombe koma. Shika kalamu, nikusomee jina."

Akamsomea herufi kwa herufi, kidole kikitembea juu ya bati. Ilikuwa ya yule ndugu wa kati, ambaye Subilaga hakumfikiria kabisa kwa kuwa hakuwa mpya wala wa zamani sana. Draiva ikashushwa kutoka mtandaoni, ikawekwa. Safari hii, kabla ya kuchapa mtihani, fundi aligeuka akauliza, "Mwalimu, tuijaribu kwa kitu gani?" Akajibu, "Kwa nambari. Kuanzia sifuri hadi kumi. Halafu sehemu. Halafu desimali. Kisha unipe nishike." Akashika. Akatikisa kichwa kukubali. Mtihani ukaanza saa tano kasoro robo, na mkulima akawa na ng'ombe kumi na wanne, akauza watatu, na watoto sita wakamhesabia waliobaki bila kusomewa na mtu.

Mtaniuliza walipata alama ngapi. Sijui, sikuuliza. Ninachojua ni kwamba Subilaga hakuondoka mchana ule. Alikaa na Mwalimu Ambakisye mpaka watoto walipokwenda kula, wakafungua lile bunda la karatasi, naye mzee akamwonyesha kwa vidole, ukurasa baada ya ukurasa, mambo aliyoyagundua gizani miaka miwili bila mtu wa kumwambia. Na yule aliyewahi kuuliza sauti inaingilia wapi akarudi kuwa mtoto, akauliza, akauliza, akauliza.

Sasa ndugu zangu, tuje kwetu.

Mimi nilidhani aibu kubwa ya kompyuta ni ile alama ya kuuliza ya njano. Siyo. Ile alama ni unyenyekevu. Ni kompyuta inakiri: huyu amekuja kwangu, nami simjui. Balaa liko kwenye lile neno jingine, lile lililoandikwa siku ya kwanza na kuipeleka mashine nzima stoo kwa miaka miwili. "Tayari." Namjua huyu. Itatosha.

Je, sisi humu kanisani tumewaandikia wangapi "Tayari"? Kuna mama hapa, kila harusi na kila msiba tunampeleka kwenye masufuria. Ni mwaka wa ngapi? Nani aliwahi kumuuliza? Yawezekana ana wimbo ndani yake, yawezekana ana shauri ambalo lingeokoa ndoa mbili za mtaa huu, sisi tunampa mwiko. Kuna kijana mwenye mabega mapana, tumemfanya wa kubeba spika. Kuna mume humu ameoa miaka ishirini, na mkewe ameanza sentensi ile ile mara elfu: "Baba fulani, kuhusu lile jambo mimi..." Naye anajibu kwa upole, nipe dakika. Kwa upole! Maana hatuwafungii watu milango kwa matusi, sisi ni Wakristo, tunawafungia kwa sauti nzuri.

Halafu tunashangaa kwamba mtu huyu anatoa uchafu. Mkali, mvivu, mzito, haeleweki. Tunasema ameharibika. Tunamfunika kitenge. Ndugu yangu, je, ulimuuliza? Na kama ulimuuliza, ulikaa ukasubiri jibu, au ulichukua la kwanza lililofanana nalo? Mungu anatujua kabla hatujafungua kinywa, na bado anatuita kwa jina na kutusubiri tujibu. Wewe usiyejua kitu unaharakia wapi?

Nilitaka niishie hapo. Lakini siwezi kushuka madhabahuni nikiwa nimewanyooshea kidole ninyi peke yenu. Mzee uliyekaa benchi la mwisho karibu na dirisha, mwenye koti la kahawia. Nimekuwa mchungaji hapa miaka saba. Kila Jumapili unanipa mkono pale mlangoni, unaanza, "Mchungaji, mimi nilikuwa..." nami nakupigapiga begani, nakuambia, "Ubarikiwe, mzee wetu," namgeukia anayefuata.

Mzee wetu. Hata jina lako silijui.

Leo usije mlangoni. Kaa hapo hapo ulipo, nami nitakuja nikae kando yako, na hiyo sentensi uimalize.